Dragon Ball FighterZ: gemu inayojifanya katuni, na hesabu ya fremu iliyo nyuma yake

Mara ya kwanza nilipomwonyesha shemeji yangu Dragon Ball FighterZ, alikaa kochini akatazama kimya dakika mbili nzima, kisha akauliza: "Shem, sasa mechi inaanza saa ngapi?" Alidhani bado tuko kwenye katuni ya utangulizi. Mechi ilikuwa imeshaanza zamani, na mimi ndiye niliyekuwa napigwa.

Sikumcheka sana, maana kosa lake ndilo watengenezaji walilolitafuta. Gemu hii ya mapigano ilitengenezwa na Arc System Works, kampuni ya Yokohama, ikatolewa na Bandai Namco Januari 2018 kwa PlayStation 4, Xbox One na kompyuta, na Septemba mwaka huohuo ikafika kwenye Switch ya Nintendo. Ukiiangalia, unaapa kwamba Goku, shujaa wa hadithi ya Dragon Ball, na Frieza, adui yake, wamechorwa kwa kalamu, picha baada ya picha. Hawakuchorwa hivyo. Ni maumbo ya kompyuta ya pande tatu, ndugu wa wale wachezaji tunaowaona kwenye gemu za mpira. Ukiweza kuizungusha kamera ukawatazama kutoka pembe ambayo hukupangiwa, utakuta baadhi yao wana nyuso zilizopinda na ngumi kubwa kuliko kichwa.

Kuelewa jinsi jambo hili linavyofanyika kunahitaji neno moja tu: fremu. Sisemi fremu ya kupangisha Kariakoo. Nasema picha moja katika mfululizo wa picha zinazopita mbele ya macho kwa kasi hadi ubongo ukadanganyika kwamba kitu kinatembea. FighterZ huonyesha fremu 60 kila sekunde. Kila moja hukaa kwenye skrini kwa milisekunde 16 na ushee, yaani muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Mambo matatu ambayo watu hubishana sana kuhusu gemu hii, yaani sura yake, ugumu wake, na lawama za miaka sita kuhusu kuicheza kwa intaneti, yote matatu ni mabishano juu ya vipande hivyo vidogo vya muda.

Umaskini uliogeuka mtindo

Tuanze na katuni yenyewe. Filamu ya kawaida hupita picha 24 kwa sekunde. Ukitaka katuni itembee laini kama maji, unachora picha nyingi mno, na hilo linataka jeshi la wachoraji na fedha za kuwalipa. Tarehe 1 Januari 1963, katuni ya Tetsuwan Atomu ya Osamu Tezuka ilipoanza kuonyeshwa kwenye televisheni ya Japani kila wiki, hakukuwa na jeshi wala fedha. Kilichokuwapo ni ujanja. Picha moja iliachwa ikae fremu mbili, tatu au zaidi kabla ya kubadilishwa. Mhusika alisimama kama sanamu, mdomo peke yake ukacheza. Mandhari ya nyuma ilikimbizwa ili ionekane mtu anakimbia. Badala ya michoro 24 kwa sekunde, ikawa 12 au 8, na pale hali ilipokuwa mbaya, chini ya hapo.

Watazamaji walizoea. Zaidi ya kuzoea, walipenda. Ule mkono ulio hapa na ghafla uko kule, bila jicho kuona njia uliyopita, ukawa ladha ya anime, yaani katuni za Kijapani, kama vile moshi wa kuni ulivyo ladha ya wali uliopikwa jikoni kwa bibi. Hakuna aliyeukusudia moshi, lakini ukiukosa unajua.

Dragon Ball imejaa ladha hiyo. Akira Toriyama aliianza kama hadithi ya picha katika jarida la Weekly Shōnen Jump mwaka 1984 na kuimaliza 1995. Toei Animation wakaifanya katuni ya televisheni, na sehemu iliyotawanyika duniani kuliko zote, Dragon Ball Z, ilionyeshwa kuanzia 1989 hadi 1996 kwa vipindi 291. Anayeijua anajua pia vile vipindi ambavyo watu wawili hutazamana tu, upepo ukivuma na jiwe likidondoka. Hata zile nywele za dhahabu za Super Saiyan, umbo ambalo Goku hugeuka akipata nguvu kubwa, alama inayotambulika kuliko zote, zina asili ya kubana matumizi. Toriyama mwenyewe alieleza kwamba nywele nyeusi za Goku zilimlazimu msaidizi wake kujaza wino kwenye kila ukurasa, na nywele zisizojazwa ziliokoa muda. Alama ya nguvu kuu katika hadithi nzima ilizaliwa kwa sababu mtu alichoka kupaka rangi nyeusi.

Gemu za Dragon Ball zilikuwepo muda mrefu kabla ya FighterZ. Super Butōden ilitoka 1993 kwenye Super Famicom ikiwa na michoro bapa. Budokai ilikuja 2002 kwenye PlayStation 2 ikiwa na maumbo ya pande tatu, na baada yake zikafuata nyingi. Nilizicheza kadhaa na kuzifurahia, lakini tuseme ukweli: mhusika alisogea laini mno, aking'aa kama mwanasesere wa plastiki. Alifanana na Goku kama picha ya pasipoti inavyofanana na mtu. Kila kitu kipo mahali pake, na bado si yeye.

Kuzima ulaini

Ulaini ule ndio uliokuwa tatizo. Kompyuta ikipewa pozi mbili, mkono chini na mkono juu, hujaza yenyewe hatua zote za katikati. Ni msaada mkubwa na ni bure, kwa hiyo karibu kila gemu huukubali. Arc System Works waliukataa. Walianza kufanya hivyo katika gemu yao ya Guilty Gear Xrd ya mwaka 2014, na mmoja wa wasanii wao, Junya Christopher Motomura, akaeleza mbinu hizo hadharani kwenye mkutano wa watengenezaji wa gemu San Francisco mwaka 2015. FighterZ ni mbinu zilezile zilizohamishiwa kwa wahusika maarufu zaidi.

Kwanza, pozi. Kila pozi ya mwili hupangwa kwa mkono, kiungo kwa kiungo, kisha hugandishwa kwa fremu mbili, tatu au nne, halafu mwili huruka kwenda kwenye pozi inayofuata bila njia ya katikati. Kwa hiyo gemu inakwenda fremu 60 kwa sekunde, lakini mwili wa Goku hubadilika mara chache zaidi. Fikiria kejeli iliyomo: Tezuka alipunguza picha kwa sababu hakuwa na fedha, na miaka hamsini baadaye watu wanalipwa kuukataa msaada wa bure wa mashine ili wafanane na mtu asiyekuwa na fedha.

Pili, mwanga, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo ujanja mwingi ulipo.

Katika katuni, kivuli hakifuati jua. Mchoraji hukiweka chini ya kidevu kwa kuwa uso unapendeza hivyo, na mhusika akigeuka, kivuli kinahamia mahali pengine panapopendeza. Kompyuta haijui kupendeza, inajua hesabu. Basi kila mpiganaji akapewa taa yake mwenyewe, isiyowamulika wengine, na anayepanga pozi huisogeza taa hiyo pozi kwa pozi. Halafu kuna mishale. Kila nukta kwenye uso wa umbo la kompyuta hubeba mshale mdogo usioonekana, unaoiambia taa, "mimi natazama huku." Kwa kawaida mishale hiyo hufuata umbo lilivyo, na matokeo yake ni vivuli vilivyovunjikavunjika usoni, kwenye pua na mashavu, kama uchafu. Wasanii waliishika mishale hiyo na kuipinda kwa mkono hadi kivuli kikaanguka kwa kipande kimoja safi. Na rangi zenyewe hazififii polepole kutoka mwangani kwenda gizani. Ni mbili tu: mahali pana mwanga au hapana, kama rangi za katuni ya televisheni.

Mistari nayo ina hadithi yake. Ule mstari mweusi unaouzunguka mwili hupatikana kwa kunakili umbo zima, nakala ikanenepeshwa kidogo, ikapakwa nyeusi na kugeuzwa ndani nje kama shati la kufuliwa. Kwa kuwa imegeuzwa, sehemu yake ya mbele haionekani, na kinachobaki ni ukingo mweusi unaochungulia nyuma ya mwili. Msanii anaweza kuuambia uwe mnene begani na mwembamba shavuni, kama kalamu inavyokandamizwa na kuachiwa. Mistari ya ndani, ile ya misuli na mikunjo ya nguo, ilikuwa ngumu zaidi. Picha ya kompyuta ni viraka vya mraba, na mstari wowote wa mshazari ukisogelewa huonyesha meno kama msumeno. Suluhisho lilikuwa kuichora mistari yote ikiwa wima au mlalo kabisa, kisha kuivuta ngozi ya umbo juu yake hadi ikajipinda inavyotakiwa. Mstari ulionyooka hauna meno, hata kamera ikisogea karibu kiasi gani.

Na mwisho, udanganyifu wa wazi. Ngumi inayokuja kuelekea kwako hukuzwa kweli, mguu unaokwenda mbali hupunguzwa, uso hupindwa ili upendeze kwa kamera ya wakati ule peke yake. Ndiyo sababu nilisema ukiwatazama kutoka pembe isiyo yao utawaona wa ajabu. Wahusika hawa wanafanana na jukwaa la maigizo: upande wa watazamaji kuna ikulu, nyuma kuna mbao na misumari.

Mtu atauliza, si wangechora tu kwa mkono? Arc System Works walifanya hivyo miaka mingi, na BlazBlue yao ya 2008 ni ushahidi. Lakini mchoro bapa hutazama upande mmoja maisha yake yote. Katika FighterZ, Goku anapokusanya nguvu za Kamehameha, mwali wake mkubwa, kamera huacha ubavu wa uwanja, humzunguka, humwendea usoni, kisha hurudi pembeni na pigano likaendelea bila mshono. Gohan, mwana wa Goku, akimmaliza adui aitwaye Cell katika mazingira yanayolingana na hadithi, gemu hukatisha na kuonyesha tukio kama lilivyokuwa kwenye katuni, pembe kwa pembe. Hilo linataka mwili unaoweza kuzungukwa. Walitaka uhuru wa pande tatu na ladha ya pande mbili, na bei yake ilikuwa kazi ya mikono katika kila pozi.

Sehemu ya kumi ya sekunde

Sasa tuingie kwenye ugomvi wenyewe, maana mpita njia huona miale na makelele, na mchezaji huona hesabu.

Kila pigo katika gemu ya mapigano lina sehemu tatu. Kuna maandalizi, ngumi inapotoka lakini haijauma. Kuna fremu za kuuma, ambazo ngumi ikikugusa umepigwa. Halafu kuna kurejea, mkono unaporudi na mwenyewe hana kinga. Kwa wapiganaji wengi wa FighterZ, ngumi nyepesi ya kusimama huanza kuuma kwenye fremu ya sita au ya saba, yaani takriban sehemu ya kumi ya sekunde. Binadamu akiona kitu, mkono wake huhitaji karibu robo sekunde kuitikia, sawa na fremu 15 hivi. Kwa hiyo hakuna mtu duniani anayeiona ngumi nyepesi ndipo akaizuia. Ameizuia kwa sababu alishaihisi inakuja, au alikuwa amejikinga tangu mwanzo.

Ule mtindo wa pozi zinazoruka nao unaingia humu. Wengi hudhani ni urembo tu, na hata mimi nilidhani hivyo. Lakini fikiria ngumi yenye fremu sita za maandalizi ikichezwa kwa ulaini: mkono ungetumia fremu zote sita ukiwa njiani, na jicho lingeona ukungu. Katika FighterZ mkono uko nyuma, umegandishwa, kisha umefika. Unapoanza kuuma uko tayari kwenye pozi yake kamili, iliyonyooka, inayosomeka. Na kitufe chako hakisubiri pozi ibadilike. Hesabu ya ndani inaendelea kwa fremu 60 hata kama mwili unaoonekana umeganda, kwa hiyo gemu hukusikia mara moja. Anime ilijifunza kuruka kwa sababu ya shida, na ikatokea kwamba kuruka ndiko kunakoifaa gemu ya ngumi kuliko kuteleza.

Kuna na jambo jingine la kuganda. Pigo likitua, wapiganaji wote wawili husimama kabisa kwa fremu chache kabla ya aliyepigwa kuruka. Mtazamaji huhisi uzito wa ngumi. Mchezaji hupewa dirisha dogo la kujiuliza, imempata au ameizuia, na kuamua kama anaendelea na mfululizo au anarudi nyuma. Zile fremu za kuganda ni kama pumzi ya mwimbaji katikati ya ubeti: msikilizaji haioni, mwimbaji hawezi bila hiyo.

Mfumo wenyewe ni wa watatu kwa watatu. Unachagua kikosi, mmoja anapigana na wawili wanangoja, nao unaweza kuwaita warushe pigo moja la msaada au wabadilishane nawe. Vitufe vya kupiga ni vinne tu: chepesi, cha kati, kizito, na cha ki, ile nguvu ya ndani ambayo wapiganaji hurusha kama risasi. Karibu mapigo yote maalumu hutoka kwa kuzungusha kidole robo duara chini, mbele au nyuma. Wakongwe waliozoea gemu za zamani zenye amri ndefu kama anwani ya posta walishangaa. Ukikibonyeza kitufe chepesi mfululizo, mpiganaji wako anafanya kombo nzima, yaani mfululizo wa mapigo yanayoshikana, peke yake hadi mwisho.

Kwa sababu hiyo kuna wanaosema FighterZ ni gemu ya watoto. Siafiki. Kombo ya kitufe kimoja ipo, lakini huumiza kidogo kuliko ile iliyopangwa na mjuzi. Na kabla ya kombo yoyote kuanza, lazima pigo la kwanza litue, na hapo kitufe kimoja hakikusaidii. Chukua ule mruko wa kumfuata adui angani, Super Dash, ambao hupita katikati ya risasi za ki kama hazipo. Mgeni huuona kama dawa ya kila kitu. Anautumia mara tatu, na mara ya nne mpinzani anachuchumaa na kubonyeza kitufe kizito: ngumi ya kwenda juu isiyoweza kupigwa na kitu kitokacho angani. Mruko umeishia hapo, na kombo ndefu imeanza. Swali si nani anajua mruko. Swali ni nani amemchosha mwenzake hadi aukumbuke wakati usiofaa.

Agosti 2018, miezi saba baada ya kutoka, FighterZ ilikuwa gemu yenye wachezaji wengi kuliko zote kwenye Evo, mashindano makubwa ya gemu za mapigano huko Las Vegas. Fainali iliwakutanisha SonicFox wa Marekani na GO1 wa Japani. GO1 alisifika kwa kujikinga. Ungemrushia mapigo ya juu na ya chini sekunde nzima na asitoboke, akisoma kila kitu kana kwamba ameandikiwa. Akaishinda seti ya kwanza, na kwa kuwa SonicFox alikuwa hajapoteza kabla ya hapo na ubingwa hupotea kwa kushindwa mara mbili, fainali ikabidi ianze upya. Hapo SonicFox akaomba wabadilishane viti, na kwa kubadilishana viti wakabadilishana pande za skrini. Kwenye karatasi ni haki yake na haibadilishi kitu. Kwa aliyetoka kushinda, mikono ikiwa imeshashika mdundo wa upande mmoja, ni kama kuombwa usimame katikati ya wimbo. SonicFox akachukua ubingwa. Mwaka uliofuata, GO1 akamlipa palepale.

Nyaya, na fremu zinazopotea njiani

Kule Las Vegas, wawili hao walikaa bega kwa bega mbele ya mashine moja. Nyumbani, wengi wetu mpinzani yuko nchi nyingine, na hapo ndipo FighterZ ilipowavunja watu moyo kwa miaka sita.

Mwanga ukipita kwenye nyaya za kioo huenda takriban kilomita 200 kwa milisekunde moja. Piga hesabu: kila kilomita 3,300 za waya hula fremu moja. Kutoka Dar es Salaam hadi Tokyo kwa mstari ulionyooka ni zaidi ya kilomita 11,000, yaani fremu tatu na kitu kwa kwenda tu, kabla hujaongeza mizunguko ya nyaya za baharini, vituo vya kubadilishia njia, na Wi-Fi ya nyumbani inayogombaniwa na wanaotazama tamthilia. Kumbuka ngumi nyepesi huuma kwenye fremu ya sita.

FighterZ ilitoka na mtindo wa kusubiriana. Ukibonyeza kitufe, mashine yako haikitekelezi hapo hapo. Hungoja hadi amri ya mwenzako ya wakati huohuo ifike, kisha mashine zote mbili husogea pamoja. Ni njia ya uadilifu, kila mmoja anaona kilekile. Lakini njia ikiwa ndefu, kila kitufe kinachelewa. Na njia ikiwa ya kuyumba, ucheleweshaji hubadilika kila mara, na hilo ni baya zaidi, kwa sababu mikono huweza kuzoea kuchelewa lakini haiwezi kuzoea kuyumba. Kombo uliyoifanyia mazoezi wiki nzima inadondoka katikati, na huna wa kumlaumu isipokuwa bahari.

Njia nyingine ilikuwapo muda mrefu. Katikati ya miaka ya 2000, Tony Cannon, mmoja wa waanzilishi wa Evo, alitengeneza programu iitwayo GGPO iliyofanya kinyume: isisubiri, ibashiri. Wachezaji huuita mtindo huu rolibaki. Amri ya mwenzako isipofika kwa wakati, mashine yako hudhani kwamba bado anafanya alichokuwa anafanya fremu iliyopita, na inaendelea. Unaweza kusema huo ni ubashiri wa kijinga, lakini fikiria fremu 60 za sekunde moja: mtu hubadilisha vitufe mara ngapi humo? Mara tano, sita, kumi akiwa mwepesi. Fremu nyingi zinafanana na ile iliyotangulia, kwa hiyo ubashiri wa kijinga huwa sahihi mara nyingi.

Ukiwa si sahihi, mashine hurudi nyuma hadi fremu ya kosa, huweka amri ya kweli, na kuzipiga upya fremu zote hadi sasa, kimyakimya, ndani ya zile milisekunde 16. Wewe unaona kuruka kidogo: mpinzani aliyekuwa amesimama yuko tayari katikati ya ngumi. Nina nadharia yangu kwamba gemu yenye pozi zinazoruka huficha mruko huo vizuri zaidi ya gemu laini, kwa sababu jicho limeshazoezwa kukosa fremu za katikati. Chukua hiyo kama maoni ya mtu wa kochini.

Kwa nini basi hawakuiweka mapema? Kwa sababu rolibaki si rangi ya kupaka nyumba iliyokwisha. Ili mashine irudi nyuma, ni lazima iweze kukumbuka kila kitu katika kila fremu: uhai uliobaki, mahali walipo wapiganaji sita, kila mpira wa ki angani, kamera iko wapi katika ule mzunguko wake wa mbwembwe, sauti ipi imeanza. Ikirudia fremu nne, Goku asipige kelele mara nne. Tena kazi ya fremu kadhaa inabidi iishe katika muda wa moja. Gemu iliyojengwa bila kufikiria hayo inabidi ifumuliwe ukuta kwa ukuta.

Walifumua. Februari 2024 rolibaki ikaja, pamoja na matoleo mapya ya PlayStation 5 na Xbox Series, na kwa wenye kompyuta. PlayStation 4, Xbox One na Switch zikabaki na mtindo wa kusubiriana. Siku chache baadaye, tarehe 1 Machi, Toriyama akafariki akiwa na umri wa miaka 68.

Mashine yangu ni PlayStation 4, kwa hiyo mimi na shemeji tunacheza kizamani, kochi moja, pedi mbili, na bahari haituhusu. Wiki iliyopita nilikuwa naongoza, amebakiwa na mtu mmoja. Kuna kanuni moja ambayo sikuwahi kumweleza: mapigo ya mfululizo hukusanya mipira saba ya joka, na mipira hiyo huwekwa kwenye kapu moja la wachezaji wote wawili. Ikitimia saba, yeyote aliyejaza vipande vyote saba vya kipimo chake cha nguvu na atakayemaliza kombo ya kitufe chepesi humwita joka Shenron na kuomba jambo moja. Mipira mingi nilikuwa nimeikusanya mimi, kwa kombo zangu za kujivunia. Yeye alikuwa anabonyeza kitufe kimoja tu, kilekile, tangu mechi ianze. Anga likawa jeusi, joka likajaa skrini nzima.

"Shem," akauliza, "huyu nyoka anataka nini?"

Nikamwambia achague chochote. Akamfufua mtu wake, na wakanimaliza wote wawili.